Sauti ya Kuazima

Je, ni halali kumwita kiumbe kwa sauti ya ampendaye, ili aje auawe? Swali hili lilinijia nikiwa ugenini, nimeketi barazani kwa mzee mmoja katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwezi wa Mei 2018. Nilikwenda kumtazama binti yangu aliyeolewa huko, na mzee yule alikuwa jirani yake. Tulikuwa karibu rika moja, na wazee wawili waliostaafu hawakosi la kuzungumza. Yeye akachagua kunieleza uwindaji wake.

Alileta mkoba wa turubai, akatandaza mezani vyombo vya kuitia bata mzinga. Sisi humjua ndege huyu akiwa wa kufugwa, mzito, anayejikokota uani. Yule wa porini ni mwembamba, ana macho makali mno, huruka, na usiku hulala juu ya miti. Kumfuata kwa miguu ni kazi bure, maana atakuona kabla hujamwona. Kwa hiyo mwindaji hujificha, akaketi kimya, akamwita. Sheria ya jimbo lile nayo yataka hivyo wakati wa majira ya kuchipua: kumnyatia ndege ni marufuku, na vyombo vya umeme vya kutoa sauti ni marufuku pia. Sharti uite kwa mkono wako au kwa kinywa chako.

Chombo cha kwanza kilikuwa kisanduku chembamba cha mbao chenye kifuniko kirefu mfano wa kasia. Kifuniko kikisuguliwa juu ya ukingo wa kisanduku hutoa mlio wa jike. Henry Gibson wa Arkansas alipata hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1897. Cha pili kilikuwa duara la jiwe la sleti, lililotiwa ndani ya kikombe kifupi na kukwaruzwa kwa kijiti. Cha tatu kilikuwa kiwambo cha mpira laini kilichokazwa kwenye fremu yenye umbo la kwato la farasi, nacho hukaa kinywani juu ya ulimi. Cha mwisho kilikuwa mfupa wa bawa la bata mzinga mwenyewe, unaofyonzwa kwa midomo. Wenyeji wa bara lile waliutumia mfupa huo kabla hajafika Mzungu.

Nilicheka nilipoona kisanduku kinapakwa chaki, ili mbao zishikane na zisiteleze bila kutoa sauti. Chaki na sleti! Vitu nilivyovitumia maisha yangu yote kuwaita watoto kwenye elimu, huku vinamwita ndege kwenye bunduki.

Nilimwuliza, mtu akitaka kuanza achague kipi. Alijibu kama mwalimu mzuri, kwa kuuliza kwanza: ni wapi, na hali ya hewa ikoje? Kisanduku ni chepesi kujifunza, na sauti yake hufika mbali hata penye upepo, lakini mvua hukiharibu. Sleti hufaa kwa sauti ya chini, ndege akiwa karibu. Kiwambo huiacha mikono yote miwili huru kushika bunduki, ila huchukua majuma mengi kukizoea, na anayeanza hupaliwa na kutapika. Mfupa ni wa wenye subira.

Kuhusu kuita kwenyewe, alisema kosa la mwanafunzi si kuita vibaya bali kuita mno. Kwa desturi ya ndege hao, dume ndiye hupaaza sauti alfajiri, na jike ndiye humwendea. Mwindaji hugeuza utaratibu huo: aita kama jike, kisha ataka dume amfuate. Dume mwenye akili husimama mbali, akajitanua manyoya na kungoja jike ajitokeze. Hapo mwindaji hodari hunyamaza. Kimya humtia ndege shaka kwamba jike anaondoka, na shaka hiyo humvuta hatua za mwisho.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, huo ni uongo mtupu." Hakukasirika. Alisema kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hao walikuwa karibu kwisha katika nchi yake. Waliorudisha idadi yao ni pamoja na wawindaji wenyewe. Tangu sheria ya mwaka 1937, ushuru wa bunduki na risasi hutumika kuhifadhi wanyama, na tangu mwaka 1951 ndege wa porini walinaswa kwa nyavu zinazorushwa na kupelekwa kwenye misitu iliyokuwa imebaki mitupu. Leo wako mamilioni. Tena majira ya kuchipua huwindwa madume, na msimu hupangwa ili majike wengi wawe wamekwisha kupandwa. Kisha akaniuliza, "Ninyi kwenu hamfugi kuku? Mnawaitaje siku ya kuchinja?"

Swali hilo lilinibana. Marehemu mama yangu aliwaita kuku kwa kumwaga punje za mahindi, akitoa sauti ile ile ya kila siku, kisha akamkamata mmoja. Sijapata kumwita mama yangu mwongo. Nilijibu kwamba kuku yule alikwisha kuitwa mara mia, na mara zote alikuta mahindi kweli. Mzee akasema, "Basi huo ni uongo uliokomaa." Tulicheka, lakini sikuwa na jibu zima, na mpaka leo sina.

Hata hivyo wenye hekima wametuachia mwanga. Mtakatifu Thomas wa Akwino, alipojadili kama ni halali kuvizia vitani, alitenga mambo mawili: kumficha adui nia yako, na kumwambia adui jambo la uongo au kuvunja ahadi uliyompa. La kwanza aliliruhusu, la pili alilikataa. Kwa kipimo hicho, mwindaji aliyejificha nyuma ya mti hana lawama. Je, yule anayeita? Na masheikh wa pwani husimulia kisa cha Imamu Bukhari, kwamba alisafiri mbali kupokea hadithi kwa mtu mmoja, akamkuta anamwita farasi wake kwa kukunja nguo kana kwamba mna shayiri, kumbe mtupu. Imamu akageuka akaenda zake. Aliyemdanganya mnyama, hakumwamini kwa maneno ya Mtume. Kama kisa hicho kilitokea au ni cha mafunzo tu, maana yake haipungui: anayepimwa ni mwitaji, wala si farasi.

Mzee alizidi kunieleza, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Wakati wa majira ya kupukutika kwa majani, mwindaji hulikurupusha kundi la mama na makinda wake wakubwa, likatawanyika huku na huku. Kisha huketi palepale. Baada ya kitambo makinda huanza kulia kwa kutafutana, mlio mwembamba wa kupotea. Mwindaji hulia nao, au huita kwa sauti ya mama anayewakusanya. Nao huja.

Msomaji wangu, nilirudi nyumbani kwa binti yangu na usingizi haukuja. Nilijua nimekwisha kuwinda hivyo.

Mwaka 1984 nilikuwa mkuu wa shule moja ya milimani. Kijana wa kidato cha tatu alivunja ghala usiku, na mlinzi alipomkuta akampiga kwa nondo, akamvunja mkono. Kijana akakimbilia msituni. Zikapita siku tatu za mvua na baridi. Nilikwenda kwa mama yake, nikamwambia, "Mama, mwite mwanao. Akishuka tutayamaliza hapa hapa shuleni." Nilisema hivyo nikijua kwamba askari wawili wameketi nyuma ya jiko la shule, wananywa chai yangu.

Yule mama alisimama ukingoni mwa msitu jua likitua, akamwita. Hakuliita jina lililo kwenye daftari langu. Aliita jina la utotoni ambalo sikupata kulisikia. Mara ya tatu, kijana akatokea, miguu imevimba, akamwendea mama yake.

Alistahili adhabu, na aliipata mahakamani kwa haki. Mlinzi alipona. Huenda pia niliokoa maisha ya kijana, kwani usiku mmoja zaidi katika baridi ile ungeweza kumwua. Wazazi na walimu wenzangu walinisifu kwa busara, nami nikajisifu. Baada ya miaka kama kumi nilikutana na yule mama sokoni, nikamjulia hali. Alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, mwanangu mzima, ana mke na watoto. Ila nikimwita haitiki mara moja. Hunyamaza kwanza, akasikiliza. Mwalimu, siku ile uliniazima sauti yangu, na hukunirudishia."

Mzee wa Pennsylvania aliniambia jambo hilo hilo kwa ndege. Dume aliyeitwa akanusurika huwa mgumu. Akisikia mwito, hata wa jike wa kweli, hunyamaza, akasimama. Hapo nikaona ubaya wa mwito wa uongo unapokaa. Haukai kwa anayekufa peke yake, kwa maana kila nyama tulayo imekufa. Unakaa pia katika sauti yenyewe, kwa wale waliobaki wanaoihitaji. Na kadiri sauti inavyobeba maisha ya wengi, ndivyo kuiazima kunavyokuwa dhambi kubwa zaidi. Sauti ya jike kwa dume, asubuhi chache za mwaka, nadhani yaweza kusamehewa. Mzee wangu ni mtu mwungwana, na ndege wake hawajakoma kuitana. Sauti ya mama kwa mwana aliyepotea, mimi sithubutu tena.

Tena uongo huo humrudia mwenyewe. Kila mwindaji huko hufundishwa asivae nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwenzake aweza kumpiga risasi. Hufundishwa aegemee mti mpana kuliko mabega yake. Na akimwona mwindaji mwingine anaifuata sauti yake, asipunge mkono wala asiite kwa chombo. Aseme kwa nguvu, kwa sauti ya binadamu. Tazama: kinachomwokoa mwigaji ni kuirudia sauti yake mwenyewe.

Wala si lazima kila mwito porini uwe mtego. Wayao wa Niassa, Msumbiji, ndugu wa Wayao wa kusini kwetu, humwita mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali, kwa mlio waliorithi kwa baba zao. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mlio huo huongeza uwezekano wa kuipata asali kutoka asilimia 17 hadi 54. Mtu hupata asali; ndege huwekewa nta juu ya majani. Wahadzabe wetu humwita ndege huyo huyo kwa mluzi, na utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa kila mahali huitikia zaidi mwito wa watu wa mahali pake. Sisemi kwamba binadamu huyo ni malaika. Wahadzabe mara nyingi huificha au kuichoma nta, ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Lakini huko mtu huita kwa sauti yake mwenyewe, na ndege akija huikuta asali ipo.

Nilipoaga, mzee alinipa kisanduku kimoja na kipande cha chaki. Kiko kabatini. Wajukuu hukitoa wakakisugua, majirani wakashangaa ni mnyama gani. Siwakatazi, ni mchezo. Ila jambo moja nimejiwekea. Nikimwita mjukuu kwenda zahanati kuchomwa sindano, humwambia ni sindano. Hulia njia nzima, na mama yake hunilaumu kwamba ningemwambia tunakwenda kununua maandazi. Kesho yake nikimwita, huitika mara ya kwanza.