Uzee wa Jicho na Swali la Kuridhia

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, msomaji ambaye hakuwahi kupata taabu huanza kuusogeza msahafu mbali na uso, na fundi cherehani humwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano. Chanzo ni lenzi ya jicho. Lenzi hiyo hutuna jicho linapotazama cha karibu na kuwa bapa linapotazama cha mbali, kama alivyoeleza Hermann von Helmholtz wa Ujerumani mwaka 1855. Miaka inavyopita hukakamaa, na mtu akifika 60 uwezo wake wa kutuna umekwisha karibu wote. Hali hii, presibiopia, haimbakishi mtu. Hata yule asiyeona mbali, anayesoma vizuri akivua miwani yake, lenzi yake imekakamaa vilevile.

Swali linaanzia hapo. Maradhi humpata huyu yakamwacha yule. Jambo linalomfika kila aliyejaliwa umri ni vigumu kuliita maradhi. Kama ni sehemu ya umri wenyewe, je, anayelirekebisha anaukataa umri aliopewa?

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume aliulizwa kuhusu kujitibu, akaruhusu, kwa kuwa kila maradhi yamewekewa dawa isipokuwa uzee. Aliye mwepesi wa kukata tamaa atayashika maneno ya mwisho na kusahau kwamba jibu lenyewe lilikuwa ruhusa. Tena, uzee ulichonyimwa ni dawa, si msaada. Miwani ya kusomea haiponyi: ikivuliwa, herufi hufifia palepale, na baada ya miaka kadhaa aliyeanza na miwani ya nguvu +1.00 atahitaji +2.00. Hata matone ya pilokapini, yaliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwaka 2021, huibana mboni kwa saa kadhaa tu. Lenzi hubaki ilivyo. Miwani ni mkongojo wa jicho, na hakuna anayemwambia mwenye mkongojo kwamba anadai ujana.

Aristotle alilikabili jambo hili kwa njia nyingine. Katika kitabu chake kuhusu roho alisema kwamba mzee akipata jicho la kijana ataona kama kijana. Kwa hiyo kinachozeeka ni chombo, si roho. Hoja hii inafariji, lakini inapita haraka mno. Fundi asiyeona tundu la sindano hapungukiwi chombo tu. Anapungukiwa kazi, kipato, na namna watu walivyozoea kumtambua.

Ndiyo maana historia ya miwani ni suala la maadili tangu mwanzo. Mwaka 1306 mhubiri Giordano da Rivalto aliwaambia watu wa Florence kwamba ufundi wa kuitengeneza haujatimiza miaka 20. Kumbukumbu za watawa wa Pisa zinasimulia kuwa aliyeitengeneza kwanza alikataa kuwafunza wengine. Mtawa Alessandro della Spina akaitengeneza mwenyewe na kuwagawia watu wote kwa moyo mkunjufu.

Ukunjufu huo haujaenea. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 826 wana shida ya kuona karibu kwa sababu presibiopia yao haijashughulikiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi waliopewa miwani waliongeza uchumaji kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao waliokuwa bado hawajapewa.

Kuridhia husifiwa kama fadhila pale mtu anapokuwa na la kuchagua. Mzee mwenye miwani mfukoni, anayejua kwamba bado atahitaji taa kali zaidi na kitabu chenye herufi kubwa, ana jambo la kuridhia. Mchuma chai asiyemudu miwani hajaombwa kuridhia chochote. Amenyimwa tu, na kumhubiria subira ni kumdai fadhila kwa deni la wengine.