Mgonjwa Haulizwi Uji?

Kuna methali tuliyoisikia tangu utoto: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema. Aliye mgonjwa usimsumbue kwa maswali; unajua anachohitaji, basi mletee. Wazee walitaka kutufundisha kwamba upendo hauongoji kuombwa. Lakini leo nataka kuitazama methali hiyo kwa upya, kwani siku moja niliifuata, na matokeo yake yalikuwa msiba. Swali langu ni hili: Mtu akitenda kwa upendo jambo lenye kudhuru, je, upendo wake unatosha kumwondolea kosa?

Mjomba wangu alipigwa na kiharusi alfajiri moja, alipokuwa akienda kufungulia kuku. Ni ugonjwa ule ambao wengi kwetu huuita kupooza, na waganga wa hospitali huandika AVC. Mkono wa kuume ulilegea, mdomo ukapinda, maneno yakakorogeka. Hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima, na mvua zilikuwa zimeharibu njia. Tukamlaza nyumbani, tukiongoja njia ikauke. Siku mbili hakula kitu. Siku ya tatu mke wa mwanawe akapika uji mwepesi wa mahindi, akatia sukari. Nami, kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, tena katekista, nikashika kijiko. Nilimwinua kichwa kidogo tu, nikamlisha akiwa amelala chali. Alimeza vijiko kadhaa. Hakukohoa. Sauti yake tu iligeuka, ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni. Nilifurahi, nikamwambia mkewe: «Mama, leo amekula.» Usiku ule homa ikapanda, kifua kikaanza kukoroma. Siku ya nane akafariki.

Hapo maneno yakaanza. «Alikuwa akipata nafuu mpaka alipokula uji ule. Nani alipika?» Mke wa mwanawe alikuwa mgeni katika ukoo, na hakuwa na wa kumtetea. Wengine walisema arudishwe kwao. Wawili walitaka kwenda kwa mfumu kuuliza. Nami nilinyamaza, kwani sikuelewa jambo lolote, na mnyamavu mara nyingi huonekana kuwa amekubali. Juma moja baada ya maziko Sista muuguzi alikuja kutupa pole. Akauliza mgonjwa alikulaje, amelala au ameketi, na sauti yake ilikuwaje baada ya kula. Nilipomjibu, alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza kwa upole.

Tusikilize basi maelezo yenyewe, maana bila hayo hatuwezi kuhukumu sawa.

Kumeza twakuona kuwa jambo dogo, kwa sababu twameza mara mamia kila siku bila kufikiri. Kumbe ni kazi kubwa. Kooni njia mbili zimekaribiana: moja ya hewa, iendayo mapafuni, na moja ya chakula, iendayo tumboni. Kila mara tumezapo, njia ya hewa yapaswa kufungwa kwa nukta moja, kisha kufunguliwa tena. Misuli zaidi ya 20 hufanya kazi hiyo kwa zamu, na ubongo ndio unaoiamuru. Kiharusi ni kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu ubongoni. Sehemu iliyokosa damu huacha kutoa amri. Ndiyo maana mkono hulegea. Na kwa sababu ile ile koo nalo hulegea, ingawa macho yetu hayalioni.

Waganga wamechunguza habari hii kwa miaka mingi. Wameona kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za kwanza. Uchunguzi uliokusanya kazi za watu wengi, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wenye shida hiyo hupata homa ya mapafu kama mara tatu kuliko wasio nayo. Na jambo la kuogofya ni hili: wengine hawakohoi. Koo limekufa ganzi. Chakula chaingia mapafuni kimya kimya, na anayelisha hudhani mambo ni mema. Ndivyo ilivyokuwa kwa mjomba wangu na kwangu.

Tumbo nalo haliko mbali na ubongo. Kuna mishipa ya fahamu iunganishayo viungo hivi viwili, na ubongo ukiumia, matumbo hulegea. Wengi hufunga choo. Mwaka 2016 wachunguzi wa Australia walionyesha katika panya kwamba baada ya kiharusi vijidudu vya matumboni vyaweza kupenya na kufika mapafuni, wakati nguvu za mwili za kujilinda zimepungua. Kwa hiyo si kila homa ya mapafu huletwa na kijiko. Nalisema hili kwa kuwa ni kweli, si kwa kujitetea.

Tena kuna habari ya matumaini. Katika miaka ya 1990 mganga Shaheen Hamdy na wenzake, huko Manchester, Uingereza, waligundua kwamba pande zote mbili za ubongo hushughulika na kumeza, lakini kwa kila mtu upande mmoja hushika sehemu kubwa. Upande ule mkubwa ukipigwa, kumeza huharibika. Halafu polepole upande mzima hujifunza kazi ya mwenzake, na mgonjwa hupata tena kumeza, wengi katika majuma machache ya kwanza. Basi mgonjwa ahitaji muda, na muda huo ndio tunaoweza kumnyang'anya kwa haraka yetu.

Sasa turudi kwenye swali. Je, nilikosa?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kutojua kwaweza kumwondolea mtu kosa, lakini si kila kutojua. Kuna jambo ambalo mtu hakuweza kulijua hata kwa bidii. Huyo hana hatia. Kuna pia jambo ambalo mtu aliweza na kupaswa kulijua, ila alizembea, huyo hawezi kusema tu: «Sikujua.» Nimejipima kwa kipimo hicho. Siri ya koo sikuijua, wala hakuna aliyenifundisha. Lakini dispanseri haikuwa mbali, nusu saa kwa baiskeli. Kila juma nilipita mlangoni pake nikienda kufundisha katekismu. Siku zile tatu sikusimama kuuliza: «Mgonjwa wetu amepooza, tumlisheje?» Kwa nini? Kwa sababu nilidhani kulisha si jambo la kuuliza. Kosa langu lilikuwa pale, wala si katika kijiko. Niliona kuwa moyo mwema unatosha kuwa elimu.

Wapenzi, upendo ni kumtakia mwenzako mema. Lakini nitamtakiaje mema yake kama sitaki kujua yaliyo mema kwake? Mama ampendaye mtoto huuliza kipimo cha dawa kabla ya kumnywesha. Hamwagii chupa nzima kwa sababu ya mapenzi. Upendo usiotaka kujifunza humtumikia mpendaji kuliko mpendwa: mimi nilifurahi kusema «Leo amekula», na furaha ile ilikuwa yangu, si yake.

Labda msomaji mmoja atauliza: «Basi, katekista, wataka tuwaache wagonjwa wafe kwa njaa?» Hasha! Kumwacha mtu bila chakula kwa uzembe ni kosa baya. Hospitalini, mgonjwa asiyeweza kumeza huweza kulishwa kwa mpira mwembamba upitao puani mpaka tumboni. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005, wagonjwa 859 waligawanywa: wengine wakalishwa hivyo mapema, wengine wakachelewa. Waliolishwa mapema walionekana kufa pungufu kidogo, ingawa tofauti haikutosha kuwa hakika, na baadhi ya waliosalimika walibaki na ulemavu mkubwa. Mpira basi ni msaada, si muujiza.

Na kama mpira haupo? Papa Pio XII, mwezi wa Novemba 1957, alifundisha kwamba twapaswa kutumia njia za kawaida za kuulinda uhai, kadiri ya watu, mahali na nyakati, bila kubebesha mtu mzigo mzito kupita kiasi. Papa Yohane Paulo II alieleza mwaka 2004, akisema juu ya wagonjwa waliopoteza fahamu kwa muda mrefu, kwamba kuwapa chakula na maji, hata kwa mpira, kwa kawaida ni wajibu. Baraza la Mafundisho ya Imani lilikariri neno hilo mwaka 2007. Na katika maelezo yake likakumbuka mahali pa mbali na watu maskini sana, ambapo jambo hilo haliwezekani. Huko, likasema, hakuna afungwaye kufanya lisilowezekana. Neno hilo ni la faraja kwetu. Lakini tusilifanye mto wa kulalia. Mpira waweza kukosekana kijijini. Swali halikosekani, wala kumketisha mgonjwa hakukosekani.

Basi tushike haya machache:

1. Mtu akipinda mdomo, akilegea mkono, au maneno yakimkorogeka ghafula, apelekwe hospitalini saa ile ile. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ilipo, ina masaa machache tu ya kufaa.

2. Asipewe chakula, maji wala dawa kinywani mpaka anayejua kazi hiyo amepima kumeza kwake.

3. Akiruhusiwa kula, aketi wima, alishwe kidogo kidogo, kwa namna muuguzi alivyoagiza. Vitu vyepesi kama maji mara nyingi ndivyo hupotea njia upesi. Akikohoa, au sauti ikiwa kama yenye maji, acheni, muiteni muuguzi. Baada ya kula asilazwe mara.

4. Kinywa chake kisafishwe kila siku. Katika uchunguzi wa Japani wa mwaka 1999, wazee waliosafishwa kinywa vizuri katika nyumba za kuwatunza walipata homa ya mapafu 11 kwa mia, na wengine 19 kwa mia.

5. Akiomba Komunyo, mwambieni Padri mapema juu ya shida ya koo. Sheria ya Kanisa yaruhusu, ikilazimu, kupokea kwa umbo la divai peke yake. Padri na muuguzi watashauriana.

Limebaki neno moja. Sista alipokwisha kunieleza, nilijua kwamba yule mwanamke aliyepika hana hatia kabisa. Uji wake ulikuwa mzuri. Mkono uliolisha ulikuwa wangu. Nilitamani kunyamaza. Nilijiambia: «Mimi ni katekista, watasemaje?» Lakini kunyamaza sasa, nikiwa nimekwisha kujua, kungekuwa dhambi isiyo na udhuru wowote. Siku ya kumaliza matanga nikasimama mbele ya ukoo, nikaeleza habari ya koo na mapafu, kisha nikasema: «Niliyemlisha ni mimi. Huyu alipika tu.» Wengine walinikasirikia. Mzee mmoja hakunisalimu kwa muda mrefu. Lakini mwanamke hakurudishwa kwao, na kwa mfumu hawakwenda.

Basi jibu langu ndilo hili. Upendo hauondoi kosa la kukataa kujifunza. Lakini ndio unaotuvuta kujifunza, na tukiisha kujifunza, ndio unaotupa nguvu ya kusema kweli. Methali ya wazee tusiitupe. Mgonjwa haulizwi kama anastahili uji. Lakini koo lake tuliulize kwanza.