Mlima Usio na Thawabu

Barabara ya kutoka Iten kwenda Kabarnet huanza kwa kukuhonga. Mji wa Iten uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukishaupita, lami inajitupa ukingoni mwa Bonde la Kerio. Kwa muda mrefu mwendesha baiskeli huna kazi ila kushika breki na kuombea kona ijayo isiwe na lori. Unapita Tambach, ambako zamani serikali ya kikoloni iliweka makao yake ya wilaya. Unaacha nyuma baridi ya viazi na mahindi, unapokewa na joto la miembe, mipapai, mbuzi na migunga. Ukifika Biretwo umeshashuka zaidi ya mita 1,000 bila kutoa jasho la maana. Mbele ni Chebloch, ambako mto Kerio umejichimbia korongo jembamba la mawe kabla ya kuendelea na safari yake ya kaskazini hadi Ziwa Turkana. Vijana wa hapo hujirusha kutoka juu ya miamba hadi majini, na wasafiri huwatunza chochote.

Baada ya daraja, hongo inadaiwa. Kabarnet iko ng'ambo, juu ya Milima ya Tugen, karibu mita 2,000, na hakuna njia ya kuifikia ila kupanda.

Mimi ni mtu wa Lamu. Kwetu kupanda ni ngazi ya nyumba au mnazi. Ualimu ndio ulionileta Eldoret, na Eldoret ndiyo iliyonipa baiskeli ya mbio na wenzangu wa Jumamosi, watu wema wenye maradhi mamoja: wanauzungumzia mlima kwa lugha ya ibada. Mlima unasafisha. Mlima unakuonyesha wewe ni nani. Aliyeukwepa ametenda dhambi, na aliyeupanda bila kuteremka kwenye tandiko ana haki ya kutuangalia kwa upole wa walii.

Lugha hiyo haikuzuka tu. Huku ni nchi ambayo jasho lake limeheshimika duniani. Bruda Colm O'Connell aliingia Shule ya St Patrick's pale Iten mwaka 1976, na miongoni mwa aliowafunza ni David Rudisha. Wakimbiaji wa Kaptagat nao hushushwa kwa gari hadi bondeni, kisha wakapanda mbio kilomita 21 hadi Nyaru. Ukiishi kati ya watu wa namna hii, ni rahisi kuamini kwamba maumivu yenyewe ni mali, na kwamba Mungu anayaandika.

Je, anayaandika?

Swali hili nilipewa na mzee mmoja wa Baringo aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya mpando wa Tugen. Nilikuwa kwenye gia ya mwisho, mwendo wangu haumshindi mbuzi.

"Kijana, umetumwa?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Unapeleka nini Kabarnet?"

"Sipeleki kitu."

"Basi unaenda kuchukua."

"Nitakunywa chai, halafu nirudi."

Akaiangalia baiskeli yangu, ambayo hata kibebeo haina. "Haya," akasema, "Mungu akusaidie."

Hakuwa akinidharau. Alikuwa akitafuta mzigo, kwa sababu kwenye mteremko ule kila mtu anayepanda ana mzigo. Wanawake hupanda na mitungi ya maji na kuni. Vijana husukuma baiskeli nzito za chuma zilizofungwa magunia. Katika hesabu ya mzee, jasho huja na shughuli iliyolileta, na mimi nilikuwa nimeleta jasho peke yake.

Nilipofika nyumbani nikarudi kwenye mambo niliyosomeshwa katika chuo cha Qurani nikiwa mdogo. Kuna Hadithi katika Bukhari ya bwana mmoja, Abu Israil, aliyeweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asiingie kivulini, asiseme na mtu, tena afunge saumu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamrisha bwana huyo aseme, akae, aingie kivulini, na saumu yake aitimize. Saumu ilibaki kwa kuwa ni ibada. Jua likaondolewa kwa kuwa ni jua tu. Naona hukumu hii imetuangalia sisi wa Jumamosi usoni.

Lakini upande wa pili nao una hoja yake. Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliambiwa naye kuhusu umra yake kwamba ujira wake utakuwa kwa kadiri ya taabu na matumizi yake. Basi taabu si inahesabiwa? Imamu Ash-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, aliufungua mkwamo huu kwa namna iliyonitosheleza. Taabu ikiwa imo ndani ya jambo jema, jambo ambalo halifanyiki bila taabu hiyo, mtendaji hulipwa nayo. Ama kuitafuta taabu kwa ajili yake yenyewe, ukaichagua njia ngumu na nyepesi ipo ili tu ugumu uongezeke, hilo si kusudio la sheria, na anayelikusudia anakwenda kinyume na aliyeiweka. Mwenda umra hupata vumbi la njia. Hatoki nyumbani kwenda kutafuta vumbi.

Nilimsomea haya fundi wangu wa baiskeli, Mkatoliki wa Kessup, akiwa ameishika cheni yangu kwa mikono ya grisi. Hakukubali upesi.

"Mwalimu, sisi tuna Kwaresima," akasema. "Tunajinyima. Na Bwana Yesu mwenyewe alipanda Golgotha."

"Alipanda na nini, fundi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Alipanda na msalaba. Na haukuwa mazoezi."

Tukakubaliana hapo bila mmoja wetu kubadili dini. Kujinyima kwa Kwaresima kunakwenda na sala na sadaka: sahani inayopungua kwako inatakiwa iongezeke kwa mwingine. Mfungo wa Ramadhani nao una zaka ya fitri mwishoni mwake. Kote huko ugumu una mtu wa pili.

Qurani ina mlima wake pia. Sura ya 90, iliyoteremka Makka, mji uliozungukwa na milima, kwa wasikilizaji wasiohitaji kuelezwa mpando ni nini, inauliza juu ya njia ya mlimani iliyo ngumu kupandwa, kisha inajibu yenyewe. Na jibu halina jiwe wala kona hata moja: ni kumwacha huru mtumwa, ni kumlisha, siku ya njaa, yatima wa jamaa au maskini aliye hoi mavumbini. Huo ndio mpando ambao binadamu hakuthubutu kuuingia. Nikiupima wangu kwa kipimo hicho, juu ya Tugen sikuti yatima wala maskini anayenisubiri. Nakuta hoteli ya chai.

Kwa hiyo je, baiskeli niitie ndani? Hapa nilimpigia simu ustadhi wangu Lamu, kwa jambo la sala. Sisi Waislamu wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, na kutoka kwangu Eldoret hadi Kabarnet ni karibu kilomita 90, umbali unaotosha kumfanya mtu msafiri wa kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili. Lakini wanazuoni wetu waliweka sharti. Anayetangatanga asijue aendako hapati ruhusa hiyo, hata akizunguka mwezi mzima. Wakamtaja pia mtu anayejichosha na kumchosha mnyama wake bila kusudi. Nilipolisoma hilo la mwisho nilihisi wamenipiga picha.

"Mwanangu, wenda kufanya nini huko?" ustadhi akauliza.

"Kupanda mlima, ustadhi."

"Ili?"

Nikakwama. Akaningoja, kisha akanionea huruma. "Kama wenda kuburudisha nafsi, hilo ni kusudi, punguza sala. Kama wenda kujitesa ili watu wakuone, sala itimize, na mlima uuwate."

Neno lake lilinifungulia mlango ambao wenzangu wa Jumamosi hawaupendi. Tunaona aibu kusema tunastarehe. Mtu mzima, mwenye kazi na watoto, anaona heshima zaidi kusema anateseka. Lakini mateso unayoweza kuyaahirisha mvua ikinyesha ni starehe. Ukilitambua hilo unavuliwa mambo mawili: kiburi cha kujiona mwema kuliko aliyepita kwa matatu, na upofu wa kumpita mwenye gunia ukadhani mnashiriki mlima mmoja. Yeye mlima umemkuta. Mimi nimeufuata.

Starehe haiombi thawabu, inaombewa shukrani, na shukrani ina orodha yake: miguu miwili mizima, Jumamosi isiyo na kibarua, na lami ambayo hata mzee wa mbuzi ameilipia kodi kila anaponunua sukari. Anayeshukuru hanadi jasho lake. Wala habishani bei ya maembe pale Biretwo na mama aliyeamka kuyachuma kabla yeye hajavaa jezi.

Siku hizi nikifika Kabarnet husali Adhuhuri na Alasiri rakaa mbili mbili. Mwenzangu mmoja Mwislamu, mkali wa milima kuliko mimi, aliniuliza nina haki gani ya wepesi huo ilhali sikutumwa na mtu wala sina biashara. Nilimjibu kwamba ruhusa ni ya msafiri mwenye kusudi, na langu nimelitaja bila haya: nimekuja kufurahi. Yeye bado anasema amekuja kusafishwa. Nikamwambia basi atimize nne nne mpaka ustadhi wake amwambie vingine.