Mfariji Asiyenena

Kitabu cha Ayubu kinasimulia kwamba rafiki watatu wa mwadilifu yule, walipopata habari kuwa mali yake imeteketea, wanawe wamefariki na mwili wake umeoza kwa majipu, walifunga safari kwenda kumliwaza. Na walipofika, kwa hofu ya ukubwa wa msiba waliouona, walikaa naye mavumbini siku saba bila kufungua vinywa vyao. Sehemu kubwa ya kitabu inayofuata ni hasara iliyotokana na kuvifungua. Mara walipoanza kunena walitafuta sababu ya msiba, sababu ikazaa lawama, na lawama ikamgeuza mgonjwa kuwa mshitakiwa aliyelazimika kujitetea juu ya jivu. Nathubutu kusema kwamba wema wao wote ulitimia katika zile siku saba, na kwamba aghalabu sisi wafariji wa kibinadamu tunaharibu siku ya nane.

Mbwa haifikii siku ya nane. Waliofiwa, wazee waliobaki peke yao katika nyumba zilizokuwa zikijaa watu, na wagonjwa waliochoka kuulizwa hali zao, wameshuhudia katika nchi nyingi kwamba mnyama huyu, kwa kulala tu miguuni pao, aliwapa utulivu ambao jamaa na majirani hawakuweza kuwapa. Siutilii shaka ushuhuda wao, maana hakuna awezaye kumkadhibisha mtu katika jambo la moyo wake mwenyewe. Lakini napenda kujua ni kitu gani hasa walichopewa. Jawabu jepesi ni kwamba mbwa hahukumu. Jawabu hilo halinitoshelezi, kwa kuwa jiwe nalo halihukumu, wala sijapata kusikia mfiwa aliyeliwazwa na jiwe. Lazima liwepo jambo ambalo mbwa hulitenda, zaidi ya lile analojizuia au asiloweza kulitenda.

Emmanuel Levinas, mwanafalsafa Myahudi wa Ufaransa aliyezaliwa Lithuania, alitekwa na majeshi ya Ujerumani mwaka 1940, na kwa kuwa alikuwa askari mwenye sare, akawekwa katika kambi ya wafungwa wa vita badala ya kupelekwa kwenye mauaji yaliyowamaliza wengi wa jamaa zake. Katika insha fupi aliyoitoa mwaka 1975 alieleza jinsi yeye na wenzake, Wayahudi sabini waliotengwa katika kikosi cha kukata miti, walivyopita kila siku mbele ya watu huru, wanaume kwa wanawake na watoto, ambao waliwapa kazi, au waliwaamuru, au pengine hata waliwatupia tabasamu, lakini macho yao yalikuwa yamewavua ubinadamu. Ndipo siku moja mbwa mzururaji akajitia katika kundi lao. Walimwita Bobby. Asubuhi walipopangwa mistari alikuwapo, na jioni waliporudi kutoka msituni aliwapokea kwa kurukaruka na kubweka kwa furaha, mpaka baada ya majuma machache walinzi walipomfukuza. Levinas aliandika kwamba kwa mbwa yule haikuwa na shaka hata kidogo kuwa wao ni watu, na akamtaja, kwa mzaha wenye uchungu, kuwa mfuasi wa mwisho wa mwanafalsafa Kant katika Ujerumani ya Wanazi, ingawa hakuwa na akili ya kuzifanya kanuni zake kuwa sheria ya wote.

Hapa ndipo nionapo jawabu. Mfungwa yule hakupewa maneno, wala mkate, wala ahadi ya kufunguliwa, alipewa kutambuliwa. Alirejea jioni akiwa si kitu machoni pa dola nzima, na kiumbe hai kimoja kikamwona anakuja, kikamjua kuwa ni yeye, na kikafurahi kwa sababu ni yeye. Furaha ya mbwa mlangoni si sifa, kwani sifa huja baada ya mizani, nayo mizani yaweza kugeuka kesho. Ni kukiri tu kwamba fulani amefika. Mtu aliyepatwa na msiba mkubwa hupungukiwa na jambo hilo kuliko mengine yote: watu humwona mjane, yatima, mgonjwa au mfungwa, na kwa huruma yao wenyewe humficha nyuma ya jina la balaa lake. Mbwa hana habari na balaa hilo, na kutojua kwake, ambako katika mambo mengine ni upungufu, hapa huwa ni hisani.

Lakini insafu yanitaka niulete ushahidi wa upande wa pili. Adolf Hitler naye alikuwa na mbwa, jike aitwaye Blondi, na hatuna sababu ya kudhani kwamba mkia wake ulitikisika mbele ya bwana wake kwa uchache kuliko wa Bobby mbele ya wafungwa. Mwishoni mwa Aprili 1945, ndani ya handaki la Berlin, bwana yule, akitaka kuhakikisha kwamba sumu aliyopewa haikuwa na hila, aliamuru ijaribiwe kwanza kwa Blondi, na mbwa huyo akafa. Basi ushahidi wa mbwa haumsafishi mtu. Anayetoka kumdhulumu mwenziwe, akapokewa nyumbani kwa shangwe, kisha akajiona kuwa kumbe yu mwema, ameidai faraja hiyo cheti isichoweza kutoa. Mbwa hukiri kuwapo kwetu, na kuhusu wema wetu hana la kusema. Wanaodai kwamba mbwa humjua mtu mbaya kwa harufu wanampachika ukadhi asioutaka.

Najua pia kwamba msomaji wa pwani yetu, aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, amesoma kurasa hizi huku akikunja uso, akikumbuka kwamba chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwamba kumwita mtu mbwa ni tusi la kuvunja udugu. Sina nia ya kumbishia mwanachuoni katika fani yake. Nasema tu kwamba Maimamu wenyewe hawakuafikiana, kwani Malik alimhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Na kwamba katika Sura ya al-Kahf, vijana waliokimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao wametajwa pamoja na mbwa wao, aliyenyoosha miguu ya mbele kizingitini, na kila idadi yao inapokisiwa, naye huhesabiwa pamoja nao. Huko Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi wavaao nguo. Jina la kitabu hicho lingetosha kumgombanisha na mji mzima.

Kinachonishughulisha zaidi ni upande wa pili wa uhusiano huu, ambao wapenzi wa mbwa huupita upesi. Faraja iliyopokewa bila kuombwa huacha dhima kwa mpokeaji, na mdai wa dhima hii hawezi kwenda mahakamani. Kant aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mbwa aliyetumika kwa uaminifu anastahili kutunzwa hadi kufa kwake, na kwamba anayempiga risasi kwa kuwa hana kazi tena hamkosei mbwa, bali anauharibu utu ulio ndani yake mwenyewe. Nakubali hukumu, nakataa sababu, na kaburi moja la kale lanisaidia kueleza kwa nini. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, lilifukuliwa kaburi la miaka takriban 14,000, lenye mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga. Na wataalamu waliochunguza meno yake wamesema kwamba aliugua maradhi mazito zaidi ya mara moja kabla ya kufa akiwa na umri wa miezi saba hivi, na kwamba asingeweza kuishi muda huo bila watu kumuuguza. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Waliomlisha na kumpangusa hawakuwa na faida ya kutazamia, wala sidhani waliwaza habari za utu wao. Walikuwa na kiumbe kinachowatazama, nao wakamwitikia.

Na fikihi ile ile ya Shafi inayoamuru maosho saba imeliona jambo hili kwa jicho kali kuliko Kant. Mtu akiwa safarini na maji ya kutawadhia tu, na mbele yake yuko mbwa wake wa mawindo au wa ulinzi, asiye mkali, anayekaribia kufa kwa kiu, sheria haimwambii achague kwa kadiri ya huruma aliyo nayo siku hiyo: maji ni ya mbwa, na yeye atayamamu kwa udongo, kisha aswali.