Nani Ashtakiwe kwa Ajili ya Vita?

Kwa nini nchi hupigana? Mwaka 1959 mtaalamu wa Kimarekani, Kenneth Waltz, aliyapanga majibu ya wanafalsafa katika mafungu matatu. Wapo wanaosema chanzo ni tabia ya binadamu. Wapo wanaosema ni namna dola inavyotawaliwa. Na wapo wanaosema mataifa hupigana kwa kuwa hakuna mamlaka iliyo juu yao yote.

Hebu tuyapime majibu hayo kwa vita vya Kagera, tulivyovishuhudia wenyewe. Fungu la kwanza litamtaja Idi Amin na kiburi chake. Tarehe 1 Novemba 1978 alitangaza kuwa ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Fungu la pili litataja jeshi lake lililokuwa na maasi, na utawala uliopatikana kwa mtutu mwaka 1971, usio na bunge la kumzuia. La tatu litasema kwamba Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwapo, lakini haukuwa na askari wa kumrudisha mvamizi kwao. Litakumbusha pia kuwa mwaka 1972 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda wakitokea kwetu, hivyo hofu ilikuwapo pande zote mbili.

Yote matatu yana ukweli. Lakini tuangalie: kila jibu lina mshtakiwa wake. Ukimshtaki Amin peke yake, unawaachia huru waliomtii. Ukiishtaki hali ya dunia peke yake, kizimbani hasimami mtu.

Mimi naona hivi. Dunia haijapata kuwa na serikali moja, na ugomvi wa mipaka ni mwingi. Hata hivyo, majirani wengi hawapigani. Hali huandaa kuni, lakini kuni hazijiwashi. Daraja la Kyaka lilibomolewa kwa amri, na amri hutolewa na mtu.

Kipimo hicho kitupime na sisi. Baada ya kumfukuza mvamizi, majeshi yetu yalivuka mpaka, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Huo nao ulikuwa uamuzi. Mimi nauona ulikuwa wa haki, lakini anayeutetea hana budi kutoa sababu zake. Asiseme tu kwamba hali ilitulazimisha, maana hata Amin angeweza kusema hivyo.