Machozi ya Kuazima: Johnny Cash na Bitter Tears

Huku kwetu Afrika Mashariki, mpenzi wa muziki wa kantri ni mtu wa Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton. Nyimbo za mapenzi, nyimbo za kukumbuka nyumbani. Johnny Cash naye tunamjua, yule mzee wa nguo nyeusi na sauti nzito. Lakini albamu yake ya 1964, Bitter Tears, sisikii watu wakiitaja. Si albamu yake bora, kwa maoni yangu. Ninaileta hapa kwa sababu inaleta swali ambalo sisi wapenda fasihi tunapenda kulikwepa: nani ana haki ya kulilia msiba usio wake?

Albamu ina nyimbo nane, na zote zinawahusu wenyeji wa asili wa Marekani, watu walionyang'anywa ardhi kisha wakageuzwa maadui wa kupigwa risasi kwenye filamu za kauboi. Tano kati ya hizo zilitungwa na Peter La Farge. Wimbo wa kwanza unawazungumzia Waseneca, walioahidiwa ardhi yao kwa mkataba wa 1794, halafu serikali hiyohiyo ikaja kujenga bwawa la Kinzua na kuifunika kwa maji sehemu ya ardhi ile. Familia zikahamishwa, hata makaburi yakahamishwa.

Wimbo uliovuma ni ule wa Ira Hayes, Mpima kutoka Gila River, Arizona. Hayes ni mmoja wa wanajeshi sita wanaoonekana kwenye ile picha maarufu ya kusimika bendera Iwo Jima, Februari 1945. Alirudi Marekani shujaa, akapelekwa hadi Ikulu kumwona Rais Truman. Kisha akarudi kwa watu wake, ambao maji ya mto wao yalikuwa yamechukuliwa zamani na wakulima wazungu wa upande wa juu. Pombe ikamwandama. Januari 1955 alikutwa amekufa, akiwa na umri wa miaka 32.

Vituo vingi vya redio za kantri havikutaka kuupiga wimbo huo. Hapo ndipo Cash alipofanya jambo ambalo wasanii wengi hawathubutu. Agosti 1964 alilipia tangazo la ukurasa mzima katika jarida la Billboard, akawauliza watangazaji na wenye vituo ujasiri wao umekwenda wapi. Akawaambia kwamba wimbo ule ni dawa kali, na kwamba Harlem, Birmingham na Vietnam nazo ni dawa kali. Kumbuka hawa ndio waliokuwa wakizipiga nyimbo zake nyingine, yaani ndio walioushika mkate wake. Mwishowe wimbo ulifika nafasi ya 3 kwenye chati ya kantri, na albamu ikafika ya 2.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Tatizo ni kwamba miaka ile Cash alikuwa akisema ana damu ya Wacherokee. Baadaye alikiri kwamba hana.

Basi kuna watakaosema: huyo ni tapeli, tupa santuri yake. Wengine watasema: machozi yalikuwa ya kweli, damu ya nini? Mimi sikubaliani na upande wowote.

Wanaotaka anyamaze wana methali yao: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ni methali nzito, lakini isikilize vizuri. Inasema nani anajua, haisemi nani aseme. Mwaka 1964 Ira Hayes alikuwa kaburini. Kama kila mtu angengoja mwenye kaburi azungumze, redio zile zingebaki na raha zao.

Lakini Wapima wengine walikuwa hai. Waseneca walikuwa hai. Miaka michache baadaye Floyd Red Crow Westerman, Mdakota, mwimbaji wa kantri yeye mwenyewe, alitoa albamu yake, Custer Died for Your Sins. Leo wengi wanaikumbuka sura yake kwenye filamu ya Dances with Wolves kuliko nyimbo zake. Cash aliweza kuugonga mlango ukafunguka kwa sababu alikuwa Cash. Kosa hili silimwekei yeye peke yake, ni letu wasikilizaji pia. Tunapenda kusikia uchungu kwa sauti tuliyokwisha kuizoea. Tunasoma hadithi ya dada wa kazi iliyoandikwa na mwajiri, machozi yanatutoka, na dada mwenyewe yuko jikoni anaosha vyombo, hakuna aliyemuuliza kitu.

Na lile dai la damu? Naliona ni baya, si kwa sababu ni uongo tu. Watu waliokwisha kunyang'anywa ardhi na maji wamebakiwa na vitu vichache, na kimojawapo ni haki ya kusema nani ni wao. Anayejiita wao bila kuitwa anachukua hata hicho.

Sasa angalia kilichotokea. Wimbo haukulizuia bwawa, lilikamilika 1965. Mwaka uliofuata Waseneca walimpokea Cash katika Ukoo wa Kobe. Hawakumlipa kwa ushindi, maana ushindi haukuwepo. Walimpa wenyewe, kwa hiari yao, kile alichokuwa akijichukulia. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Cash alihangaika kufanana, kumbe kilichowagusa wenye msiba ni kule kufaana: kwamba alisema, na alikubali kusema kumgharimu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Lia msiba wa jirani, ni haki yako na pengine ni wajibu wako. Toa rambirambi kutoka mfukoni mwako. Ila usikae mkekani pa wafiwa mpaka wakukaribishe, na mfiwa akitaka kusema, mpishe.

Ukiitafuta Bitter Tears, isikilize yote, ni fupi. Ukimaliza, mtafute na Westerman.