Kura Moja, Serikali Mbili

Tarehe 30 Desemba 2018, Wakongomani walipokuwa vituoni wakimchagua mrithi wa Rais Joseph Kabila, watu wa Beni, mashariki mwa nchi, walikuwa wameshaambiwa wakae nyumbani. Siku nne kabla, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi zitapiga kura Machi ya mwaka unaofuata. Kwa Beni na Butembo, sababu iliyotajwa ni Ebola na mashambulizi ya waasi. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, wagombea walikuja wakahutubia. Hatari ilionekana kwenye sanduku la kura tu. Zaidi ya watu milioni moja wakawekwa kando.

Basi watu wa Beni wakajiandalia uchaguzi wao. Walipanga foleni alfajiri, wakanawa mikono kwanza kama walivyofundishwa na wahudumu wa Ebola, kisha kila mmoja akaandika kwenye karatasi jina la amtakaye na kulitumbukiza katika sanduku ambalo walijua fika halitafika Kinshasa. Rais mpya aliapishwa Januari 24. Machi ilipofika, waliitwa kuchagua wabunge tu, kwa kuwa kiti cha urais kilikuwa na mwenyewe tayari.

Kiti hicho nacho kilipatikana kwa namna iliyozua maswali. Usiku wa kuamkia Januari 10, mwenyekiti wa CENI, Corneille Nangaa, alimtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi kwa asilimia 38.57, mbele ya Martin Fayulu aliyepewa karibu 35. Emmanuel Ramazani Shadary, chaguo la Kabila, akawa wa tatu kwa asilimia kama 24. Asilimia 38 zilitosha, maana duru ya pili iliondolewa kwenye Katiba mwaka 2011, na aliyeiondoa ni huyohuyo Kabila akiwa na Bunge lake. Baraza la Maaskofu Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000 nchi nzima, likasema matokeo hayo hayalingani na waliyoyakusanya wao. Fayulu akaenda Mahakama ya Katiba, akarudi mikono mitupu.

Likaja jambo la pili, ambalo hata shabiki mkubwa wa Tshisekedi alishindwa kulifafanua. Muungano wa Kabila, FCC, ambao mgombea wake wa urais alikuwa wa tatu, ulipata viti zaidi ya 300 kati ya 500 vya Bunge la taifa. Mpiga kura ni yuleyule, siku ni ileile, mashine ni ileile. Kwenye urais kamkataa mtu wa Kabila, na kwenye ubunge kamrudishia Kabila nyumba nzima! Wapo wapiga kura duniani ambao huamua kwa makusudi kumpa huyu Ikulu na yule Bunge ili wachungane. Kongo sijasikia mtu akisema hilo ndilo alilolikusudia.

Kwa Katiba yao, rais humteua waziri mkuu kutoka kwa wenye wingi bungeni, kwa hiyo Tshisekedi hakuwa na pa kutokea. Pande mbili zikaingia maafikiano ambayo mwananchi hakuwahi kusomewa. Waziri mkuu, Sylvestre Ilunga Ilunkamba, aliteuliwa Mei 2019, na baraza la mawaziri likatangazwa mwishoni mwa Agosti. Hiyo ni miezi saba tangu rais aapishwe, na baraza lenyewe lilikuwa na watu zaidi ya 60, kila upande ukihesabu wake. Wakenya waliowahi kuonja nusu mkate mwaka 2008 wanaujua mchezo huo, ila wao walifika mezani baada ya damu kumwagika na mkataba wao ulichapishwa watu wakausoma.

Kilichowavunja hakikuwa bei ya unga wala barabara za Kivu. Kilikuwa majaji. Julai 2020 rais aliteua majaji wapya watatu wa Mahakama ya Katiba. Waziri mkuu alikuwa safarini, na amri zikasainiwa na waziri wa mambo ya ndani, mtu wa chama cha rais. FCC wakapiga kelele kwamba huo ni uvunjaji wa Katiba. Majaji walipoapa Oktoba, Spika Jeannine Mabunda hakuhudhuria, wala Spika wa Seneti. Kila upande ulikuwa ukiutazama uchaguzi wa 2023, na mahakama hiyo ndiyo yenye neno la mwisho juu ya nani kashinda.

Desemba 6 rais akatangaza kwamba muungano umekwisha na kwamba atatafuta wingi mpya. Kesho yake ndani ya Palais du Peuple, jengo la Bunge, viti vilirushwa, polisi wakaingia. Desemba 10 Mabunda aling'olewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Januari 27, 2021, ikawa zamu ya waziri mkuu, na safari hii wabunge 367 kati ya 382 waliokuwapo walimkataa. Hapa ndipo pa kusimama. Hao 367 wametoka wapi? Hakukuwa na uchaguzi mdogo hata mmoja uliowaleta. Wengi wao ni walewale walioingia kwa tiketi ya Kabila, sasa wakijiita Umoja Mtakatifu wa Taifa.

Katiba ya Kongo, ibara ya 110, inasema mbunge anayekihama chama chake kwa hiari huhesabiwa ameacha ubunge. Ni sheria inayofanana na ya Tanzania, ambako wabunge wa upinzani waliohamia chama tawala kuanzia 2017 kwa jina la kuunga mkono juhudi walilazimika angalau kurudi jimboni, hata kama baadhi yao walirudi bila kupingwa. Kongo hata hilo halikufanyika. Januari 15 Mahakama ya Katiba, wakiwamo wale majaji wapya, ilisema mbunge ni wa taifa zima na yuko huru kuchagua aungane na nani. Baadaye wabunge waligawiwa magari mapya ya Hyundai Palisade, na mitaani watu walisema waliyoyasema.

Wachambuzi wengi walishangilia kwamba rais kajikomboa. Sikubaliani nao. Tatizo halikuwa kwamba rais na Bunge walivutana, maana mvutano wa namna hiyo una dawa, na Katiba yao imeitaja: mgogoro ukidumu, rais anaweza kulivunja Bunge na kuwarudia wananchi. Tshisekedi alitishia kufanya hivyo, kisha akaona ni rahisi zaidi kuwachukua wabunge walipo. Serikali yenye vichwa viwili iliundwa bila mpiga kura kuulizwa, ikavunjwa bila yeye kuulizwa, na mara zote mbili akaambiwa ni kwa manufaa yake. Watu wa Beni walipata nini katika wingi huo mpya? Mei 2021 jimbo lao na la Ituri yaliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, magavana wakawa majenerali, na Bunge likawa linaurefusha utawala huo kila baada ya siku 15, mwaka nenda mwaka rudi.

Nangaa mwenyewe, aliyesoma yale matokeo usiku, Desemba 2023 aliibuka Nairobi akizindua muungano wa kisiasa pamoja na waasi wa M23, na Januari 2025 M23 wakaiteka Goma. Ukisikia mzaha wa Wakongomani kuhusu mhesabu kura aliyekata tamaa na kura, usiwalaumu.

Uchaguzi wa Desemba 2023 ulimpa Tshisekedi asilimia 73 na Bunge lililojaa watu wake. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kabisa kwa sababu ya vita. Kwingineko ni kama asilimia 43 tu ya walioandikishwa waliojitokeza. Mwaka 2006 walikuwa 70, mwaka 2011 wakawa 58, mwaka 2018 wakashuka hadi 47. Viongozi hupenda kulaumu mvua, ubovu wa barabara na mashine zilizochelewa, na ni kweli mashine zilichelewa. Lakini mwaka 2006 barabara zilikuwa mbovu zaidi.